Mama Kelele na Pikipiki Iliyoitwa Radi

Kazi yake ilikuwa kuzima kelele, na kwa sababu hiyo watu wakamwita Mama Kelele. Walimwengu ndivyo walivyo. Ukiuza sabuni watakuita Povu, ukichimba makaburi watakuita Kifo. Mwanzoni jina lilimkera. Baadaye alilizoea, hata akipiga simu kituo cha polisi alisema tu, "Mama Kelele hapa," wakamwelewa upesi kuliko angetaja jina alilopewa na wazazi wake.

Alikuwa afisa wa halmashauri, kitengo cha mazingira. Chombo chake cha kazi kilikuwa kipima sauti, kidude cheusi kinachoenea kiganjani, chenye kichwa cha sponji mfano wa pua ya mbwa. Kwa kidude hicho alikuwa amepima mashine za kusaga, karakana za mbao, baa, na vipaza sauti vya wauza dawa za panya. Alishatukanwa, alishamwagiwa maji ya kuoshea vyombo, na mwenye baa mmoja alishawahi kumposa hapohapo mbele ya wateja ili tu aondoke. Yote hayo alikuwa akiyacheka. Lakini pikipiki zilimshinda.

Ilikuwa imezuka tabia ya kufungua mabomba ya moshi. Mtu ananunua pikipiki nzima, mpya, halafu anaipeleka kwa fundi ikatolewe sailensa, ili iunguruke kama ngurumo. Ukimuuliza kwa nini, anakujibu, "Ili watu wajue napita." Kana kwamba kuna mtu aliyekuwa amekesha akisubiri habari za kupita kwake.

Katika pikipiki zote hizo palikuwa na moja iliyozidi. Waendesha pikipiki wa kijiweni waliiita Radi. Ilipita mchana, jua likiwa utosini, kwenye barabara inayozunguka hospitali. Nyekundu, ya zamani, na dereva wake alivaa koti refu la kahawia na helmeti yenye kioo cheusi. Ilipopita, madirisha yalitetemeka, mbwa walijificha, na magari yaliyoegeshwa yalianza kulia yenyewe. Hakuna aliyejua ni ya nani.

Siku moja muuguzi mkuu wa wodi ya watoto njiti alikuja ofisini kwa Mama Kelele kwa miguu yake mwenyewe. Alikuwa mama mtu mzima, mpole, na aliongea polepole kama mtu aliyezoea kutoamsha watoto.

"Nina mtoto pale," alisema, "uzito wake ni kama mkate. Mtoto wa namna hiyo akishtuka, anasahau kupumua."

"Anasahau vipi?"

"Anasahau tu. Kifua kinatulia. Sisi tunakimbia kumpigapiga unyayo kwa kidole, ndipo anakumbuka." Akasogeza kiti karibu. "Mwenzangu, hiyo pikipiki yenu ikipita tunakimbia wote, kila muuguzi na mtoto wake. Ipo siku tutampigapiga mmoja unyayo, naye asikumbuke."

Mama Kelele alikaa kitini mdomo wazi. Alidhani miaka yote hiyo anajua kelele ni nini. Kwake kelele ilikuwa kero, ilikuwa usingizi uliokatika, ilikuwa ugomvi wa majirani. Hakuwahi kufikiri kwamba sauti inaweza kuingia dirishani na kumsahaulisha kiumbe kuvuta pumzi. Siku ileile aliapa kwamba Radi ataikamata kwa mkono wake.

Mwenzake katika operesheni hiyo alikuwa askari wa barabarani aliyeitwa Filimbi, mtu mwenye mashavu makubwa kwa sababu ya kupuliza. Walijificha nyuma ya kontena, Radi ikapita. Filimbi akasimama barabarani, Radi ikamkwepa. Filimbi alipuliza mpaka macho yakamtoka, na dereva wa Radi hakugeuza hata shingo. Angalau wahuni wengine hugeuka wakakucheka. Huyu alikwenda zake wima, ametulia, kama bwana harusi anayepelekwa ukumbini.

"Kiburi gani hiki?" Filimbi aliuliza, akitema mate. "Ananisikia kabisa!"

Nyumbani, wakati wa chakula, Mama Kelele aliyamwaga yote. Alisimulia huku akipakua, huku akitafuna, huku akimfuta binti yake mdogo makamasi. "Lile lijitu halina mama! Halina watoto! Watoto njiti, jamani!" Mumewe, fundi wa majokofu, alitikisa kichwa. Na baba mkwe wake, aliyekaa mahali pake upande wa mlango, alimsikiliza mpaka mwisho, akaitikia kama kawaida yake: "Ehee."

Huyu baba mkwe alikuwa mtu wa kusifiwa mtaani. Alikuwa amefanya kazi maisha yake yote katika kiwanda cha nguo, akitengeneza mitambo ya kufuma, akastaafu, na mwaka uliofuata akafiwa na mkewe. Tangu hapo alipungukiwa maneno. Watu walisema ni busara. Majirani walimletea kesi zao, wakabwabwaja mbele yake, naye akasikiliza kwa utulivu akiwatazama machoni, mwisho akasema "Ehee," au "Mungu ni mwema," nao wakaondoka wamepatana. Redio yake alimpa jirani, akisema habari zimejaa uongo. Simu alikataa, akisema ni mambo ya vijana. Daktari alimwambia atembee kwa sababu ya presha, basi kila mchana alichukua fimbo yake, akatoka getini kidogokidogo, akapotea kwenye kona, na kurudi baadaye akiwa mchangamfu. Mama Kelele alimpenda. Alikuwa mkwe ambaye hata chumvi ikizidi hasemi.

Jambo moja tu lilikaa vibaya katika nyumba ile. Mumewe na baba yake waliishi kama wapangaji wawili. Mume alimwamkia baba yake asubuhi, akampita. Hakumkalia mbele, hakumuuliza kitu. Mama Kelele alijua sababu, na sababu yenyewe ilitokea hospitalini, kitandani kwa marehemu mama mkwe. Lakini lilikuwa jambo ambalo hawakulitaja.

Basi, halmashauri ilianza kuchimba mtaro karibu na hospitali, na barabara ikabanwa ikabaki upenyo wa gari moja. Mama Kelele alipouona upenyo ule alicheka peke yake. Filimbi alipanga mapipa, askari mwingine akasimama nyuma, na Mama Kelele akajisimamisha katikati kabisa, miguu ameitanua, kipima sauti mkononi kama bastola.

Walianza kuihisi miguuni kabla hawajaiona. Kisha Radi ikachomoza kwenye kona. Filimbi alipuliza filimbi. Haikupunguza mwendo. Alipuliza tena. Ndipo dereva alipomwona Mama Kelele, akashtuka waziwazi, akakanyaga breki na kusimama karibu ya kumgusa magoti. Filimbi aliruka akachomoa ufunguo.

Vijana wa kijiweni walikuja mbio. "Leo Radi imepigwa na radi!" walipiga kelele, wakicheka na kusukumana wapate kuona.

Mama Kelele alisogea kifua mbele, maneno makali yakiwa yamepangana mdomoni. Hapo macho yake yakashuka kwenye ubavu wa pikipiki. Palikuwa na fimbo imefungwa kwa mpira. Fimbo ya kutembelea, mpini wake umevunjika na kuzungushiwa utepe wa bluu wa umeme. Utepe ule aliuzungusha yeye mwenyewe, kwa mikono yake, akiwa amekaa kizingitini kwake, baada ya kuuiba kwenye sanduku la vifaa la mumewe.

Alitazama koti la kahawia na viatu. Kiatu cha kushoto kilikuwa na kamba ya rangi tofauti; kamba hiyo alimtafutia yeye.

Dereva alivua helmeti taratibu, akaishika kifuani kama mtu aliyeingia msibani.

"Shikamoo, Baba," Mama Kelele alisema. Yalimtoka yenyewe.

"Marahaba, mwanangu," baba mkwe wake alijibu.

Vijana wote waliacha kusukumana. Halafu mmoja akaangua kicheko, akachapwa kofi la kisogoni na mwenzake.

Filimbi alimvuta Mama Kelele pembeni. "Ni mzee wako?"

"Ni baba wa mume wangu."

"Basi tumwachie, mama. Aende zake kimyakimya."

"Kimyakimya kwa hiyo?" Akaionyesha pikipiki. "Angekuwa mzee wa mtu mwingine ungesema hivyo? Iwashe tuipime."

Walifanya kama sheria inavyotaka. Filimbi aliwasha, Mama Kelele akachuchumaa karibu na bomba na kunyoosha kipima sauti. Namba zilipanda mpaka akadhani chombo kimeharibika. Vijana waliziba masikio, na mwanamke mmoja aliyebeba mtoto alikimbia. Mama Kelele aliinua macho kumtazama mkwewe, akitegemea kuona aibu. Hakuiona. Mzee alikuwa amefumba macho, kichwa kimeinama upande mmoja, na usoni alikuwa na tabasamu dogo, la mtu anayesikiliza wimbo wa utotoni mwake.

Filimbi alizima. Wakati huohuo lori la kokoto lilikuwa linarudi nyuma kuelekea kwenye mtaro, na dereva wake, alipoona umati umemzibia njia, alipiga honi. Honi ya lori, kubwa, ya ghafla. Watu wote waliruka. Filimbi aliangusha ufunguo. Mama Kelele mwenyewe alijikuta ameketi mchangani.

Mzee hakutikisika. Lori lilikuwa nyuma yake, linamjia, honi inalia mfululizo, naye amesimama vilevile na helmeti yake kifuani, amefumba macho.

"Baba!" Mama Kelele alipiga ukelele. "Baba, lori!"

Hakusikia. Mama Kelele aliruka, akamkamata mkono wa koti na kumvuta kwa nguvu zake zote, wakaanguka wote wawili juu ya kifusi cha mtaro. Lori lilisimama hatua chache tu kutoka walipoangukia. Mzee alifumbua macho, akalitazama lori, akamtazama mkwewe, na kuuliza kwa mshangao mtupu, "Limetoka wapi hili?"

Hapo ndipo mwanamke yule alipopigwa na bumbuwazi la kweli. Alikaa juu ya udongo, gauni limechafuka, akamkodolea macho. Mambo yalianza kumjia moja baada ya jingine, kila moja likimpiga kama kofi. Redio aliyogawa. Simu aliyokataa. Zile "ehee" zote. Binti yake mdogo aliyezoea kupanda mapajani mwa babu na kumsimulia hadithi ndefu ya paka, na babu akicheka dakika moja baada ya mahali pa kucheka. Wale majirani na kesi zao! Mtaa mzima ulikuwa ukipata hukumu kutoka kwa mtu asiyesikia hata neno moja la mashtaka. Na yeye, ambaye alikula mshahara kwa kupima sauti, aliishi naye nyumba moja asijue.

Alimshika mzee mabega, akamgeuza wakatazamana uso kwa uso. "Baba," alisema taratibu, akifungua mdomo vizuri. "Husikii?"

Mzee alitazama midomo yake. Kisha akatazama chini. "Nani kakwambia?"

Walikwenda kukaa kwenye benchi la muuza soda. Filimbi, kwa adabu, aliwafukuza vijana. Pikipiki ilipakiwa kwenye pikapu ya halmashauri, na mzee aliitazama mpaka ikafungwa kamba.

"Tangu lini, Baba?"

"Sijui. Sauti haziondoki siku moja. Zinaondoka kama wageni harusini, mmoja mmoja, bila kuaga. Walitangulia ndege. Ikafuata mvua juu ya bati. Nikadhani mwaka ule mvua ni haba. Halafu watu." Alisugua mpini wa fimbo. "Ni ile mitambo. Tulifanya kazi ndani ya ngurumo, mtu na mwenzake tunaongea kwa midomo tu. Ndiyo maana nikikutazama usoni najua unasema nini. Ukinigeukia. Usipotafuna."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Niwaambie nini? Kwamba nimekuwa gogo? Mlikuwa mnanisifu." Akacheka kidogo bila furaha. "Mwenzangu wa kiwandani ana karakana yake ya pikipiki. Siku moja nimekaa naye, akawasha moja iliyodondoka bomba. Mwanangu, nilisikia! Nilisikia kwa kifua, ikapanda mpaka humu kichwani. Sauti kamili! Nikalia mbele za watu. Basi nikamwambia anifungulie pikipiki yangu ya zamani, inayolala kwake pamoja na koti na helmeti. Nikiwa juu ya ile pikipiki, na mimi nipo duniani."

"Baba, pale hospitalini kuna watoto njiti." Akamweleza, neno kwa neno, mtoto wa uzito wa mkate, kifua kinachotulia, vidole vya wauguzi. Mzee alisoma midomo yake, na kadiri alivyosoma ndivyo rangi ilivyomtoka usoni.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nasimulia kila siku mezani!"

"Niliona mdomo unakwenda mbio," mzee alisema. "Nikadhani ni habari za kazini."

"Ndizo hizo!"

Mzee aliziba uso kwa mikono. Mama Kelele hakujua acheke au alie, na kabla hajaamua, mzee aliiondoa mikono na kumuuliza swali.

"Wewe ulikuwepo siku ile. Mama yenu alipokuwa anakwenda. Aliniambia kitu, mara mbili. Midomo ilikuwa imemkauka, haikufunguka vizuri, sikuweza kuisoma. Nikasema ehee. Mpaka leo sijui niliitikia nini." Akamkazia macho. "Alisema nini?"

Mama Kelele alikuwepo, ndiyo. Alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, mumewe upande huu, mzee upande ule. Mama mkwe alisema, kwa sauti hafifu lakini wazi, "Zungumza na mimi, mume wangu. Chochote. Nisikie sauti yako." Mzee akasema "Ehee," akampapasa mkono, akanyamaza. Mgonjwa akaomba tena, "Hata ya uongo." Mzee akatabasamu, "Ehee," na kimya. Mama akageuzia uso ukutani. Hakusema tena, na kulipokucha hakuwepo. Hilo ndilo jambo ambalo mumewe hakuweza kulimeza. "Mama aliomba sauti," alimwambia mkewe siku ya mazishi, "na yule mtu akamnyima hata sauti." Tangu siku hiyo baba yake alikuwa mpangaji.

Sasa mzee alikuwa anangoja, macho yamemganda kwenye midomo ya mkwewe. Mama Kelele aligeuza uso ukaelekea barabarani, mahali ambapo mzee hawezi kuusoma, akafuta machozi. Alipomrudia alisema tu, "Twende nyumbani, Baba."

Alimkuta mumewe nyuma ya nyumba, ameinama ndani ya jokofu la mteja. Akamwambia yote kwa mkupuo: Radi, fimbo, lori. Mume alisikiliza bisibisi mkononi. Alipofika kwenye habari ya masikio, bisibisi ilidondoka.

"Hasikii?"

"Hasikii."

"Hata siku ile?"

"Hata siku ile. Aliona midomo inacheza tu."

Yule mwanamume aliketi chini, pale penye maji ya barafu, akashika kichwa. Mara akatikisa kichwa kama anabishana na mtu, mara akatulia. "Nimemwadhibu kiziwi," alisema mwisho. "Nimemnunia miaka yote hii mtu ambaye hata kununa kwangu hakujua kumetoka wapi." Mkewe akamwambia kwamba mzee ameuliza marehemu alisema nini, na pengine ni heri asijibiwe. Lakini mume alikuwa ameshasimama. "Akijibiwa na mtu, atajibiwa na mimi."

Alivuta kigoda akakiweka mbele ya baba yake, karibu, magoti yakagusana. Hawakuwa wamekaa hivyo tangu msiba. Akamwambia kweli tupu, taratibu, akifungua mdomo wazi: alichoomba mama mara ya kwanza, alichoomba mara ya pili, na namna alivyogeuza uso.

Mama Kelele, mlangoni, alifumba macho. Alidhani mzee ataanguka.

"Alitaka sauti tu?" mzee aliuliza.

"Sauti tu, Baba."

"Yangu?"

"Yako."

"Na mimi nilikuwa nayo," mzee alisema. Alisema hivyo mara moja, kwa mshangao, kama mtu aliyetafuta ufunguo nyumba nzima kumbe ameushika. Kisha akalia, kwa kwikwi kubwa ambazo mwenyewe hakuzisikia, na mwanawe akamkumbatia hapo kitini.

Kesi ya pikipiki ilikwenda kama kesi nyingine. Bomba lilichukuliwa, faini ikalipwa, na Mama Kelele alikataa katakata kuipunguza. Mzee hakubisha. Alipelekwa kwa mtaalamu wa masikio, akafungiwa ndani ya kijichumba kisicho na mwangwi na kuambiwa anyooshe mkono kila akisikia mlio. Mama Kelele na mumewe walikuwa nje ya kioo. Mtaalamu aliongeza sauti, akaongeza tena. Mzee alikaa mkono mapajani, anatabasamu kwa adabu, anangoja kuanza. Hakujua kwamba kipimo kilikuwa kinakaribia kuisha. Sikio la kushoto lilikuwa limekwisha kabisa, na la kulia lilibakiwa na kidogo, likafungiwa chombo cha kusaidia kusikia.

Lakini kabla ya kufungiwa chombo hicho, aliomba jambo moja. Alitaka kwenda ile wodi. Muuguzi mkuu hakupenda, halafu akakubali, mradi asimame nje ya kioo. Mzee alisimama. Alitazama vile viumbe, kimoja kimoja, ndani ya masanduku yao ya joto. Wakati anatazama, muuguzi mmoja ndani aliangusha sinia la chuma. Mzee hakusikia kitu. Alichoona ni mikono midogo ya mtoto wa karibu ikiruka juu ghafla, imetanuka, vidole wazi, kama mtu anayetupwa kutoka mahali pa juu. Kisha mikono ikashuka. Kisha kifua kikatulia. Muuguzi akapenyeza mkono akampigapiga unyayo.

Mzee aliweka kiganja kwenye kioo. Alikuwa ameacha kupumua na yeye. Mama Kelele aliona, akamshika mkono. Kifua cha mtoto kikapanda, kikashuka, kikapanda.

"Yule," mzee alinong'ona, kwa mnong'ono wa kiziwi uliosikika korido nzima, "amesikia kitu gani?"

"Sinia, Baba. Sinia tu."

Walirudi kwa pikapu ya halmashauri, wakafika kijiweni. Pale alimwomba mkwewe asimamishe gari, akashuka na fimbo yake, akawaendea wale vijana. Aliwasimulia alichokiona. Hakujua kuhutubia, alirudia maneno, sauti ilipanda ikashuka hovyo. Wawili walicheka. Mmoja alisema mzee anawaonea wivu. Lakini wengine walisikiliza, na mmoja, mwenye pikipiki iliyofunguliwa bomba, aliiondoa kijiweni kwa kuisukuma kwa miguu, bila kuiwasha, mpaka ikavuka ukuta wa hospitali. Kesho yake akapita imewashwa kama kawaida. Keshokutwa akaisukuma tena. Kazi ya Mama Kelele bado ipo.

Chombo cha sikio mzee alikipokea kwa hasira. Siku ya kwanza alikaa amejikunyata, akilalamika kwamba vijiko vinapiga mayowe, kwamba viatu vya mwanawe vinaongea, kwamba watu wa nyumba hii wanakula kama wanavunja kuni. Alikivua, akakiweka kwenye kikombe. Mjukuu wake akakitoa kikombeni, akampelekea. Alikivua tena. Vita hivyo viliendelea mpaka siku mtoto alipoanza hadithi ya paka, na babu, akiwa amekivaa kwa bahati, akamkatiza katikati: "Ngoja, ngoja. Kumbe paka mwenyewe amekufa? Siku zote namcheka paka aliyekufa?"

Na hapo ikaja ajabu ambayo familia haikuitegemea. Mzee alianza kuongea. Yule mtu wa busara za ukimya kumbe alikuwa mropokaji wa kuzaliwa. Anaongea asubuhi, anaongea akinawa, anamfuata mwanawe mpaka nyuma ya nyumba na kumsimulia ndani ya jokofu. Majirani waliokuja na kesi zao wakakatizwa, wakapingwa, wakaambiwa wote wawili ni wajinga, na wakaacha kuja. Mwanawe hamkatizi hata siku moja. Anakaa mbele yake, upande wa sikio zuri, na anamtazama.

"Basi siku hiyo," mzee anasema mezani, kijiko hewani, "mtambo umekatika mkanda, msimamizi anakuja, na mama yenu, wakati huo hata hanijui, ananiangalia kutoka ng'ambo ya vitambaa..."

"Baba, chakula kinapoa," Mama Kelele anamwambia.

"Kipoe," anasema mzee, na anaendelea.